Goti la Lattimore na swali la kila Januari

Kila mwaka, kuelekea katikati ya Januari, kuna vijana wa vyuo vikuu vya Marekani wanaokosa usingizi kwa sababu ya swali moja. Wabaki chuoni wamalize shahada, au waingie kwenye drafti ya NFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushika mpira mkononi na kupigana vikumbo? Drafti ni zoezi ambalo timu hupokezana, raundi kwa raundi, kuchagua wachezaji wapya. Wengi wao wana miaka 20 au 21. Kocha anataka abaki. Mama anataka cheti ukutani. Nyumbani kuna kodi ya pango inadaiwa.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kijana aliyehakikishiwa kuchaguliwa katika raundi mbili za mwanzo aondoke, hasa kama kazi yake uwanjani ni kubeba mpira na kukimbia nao. Anayemshauri abaki amweleze kwanza ni nani atakayelipa goti likivunjika.

Goti lenyewe lina jina. Tarehe 27 Oktoba 2012, Columbia, South Carolina, Marcus Lattimore, mbeba mpira wa chuo cha South Carolina, alikuwa amebeba mpira dhidi ya Tennessee. Akakabwa, na goti lake la kulia likateguka vibaya mno, kano zikakatika. Mchezo ukasimama. Wachezaji wa timu zote mbili waliondoka kwenye mabenchi yao wakaja kumzunguka pale chini, wapinzani waliokuwa wakimwangusha dakika chache nyuma wakisimama bega kwa bega na wenzake. Zilibaki siku mbili atimize miaka 21.

Ajali kama hiyo ni sehemu ya mchezo. Kinachoniuma ni kwamba Lattimore hakuwa na ruhusa ya kuwa mahali pengine. Mwaka 2010, katika msimu wake wa kwanza chuoni, alikimbia zaidi ya yadi 1,100, na kila mpenzi wa mchezo huo aliona kwamba huyu ni wa kulipwa. Lakini kanuni ya NFL inamtaka mchezaji awe ametimiza miaka mitatu tangu amalize sekondari. Oktoba 2011 akaumia goti la kushoto. Akapona, akarudi, likaenda la kulia. Drafti ya 2013 San Francisco 49ers walimchukua raundi ya nne, wakampa muda wa kujiuguza. Novemba 2014 alistaafu bila kucheza hata mechi moja ya ligi.

Kuna aliyejaribu kuivunja kanuni hiyo mahakamani. Maurice Clarett aliisaidia Ohio State kutwaa ubingwa wa taifa Januari 2003, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Msimu uliofuata akasimamishwa, naye akaishtaki NFL. Februari 2004 Jaji Shira Scheindlin alimpa ushindi. Miezi mitatu baadaye mahakama ya rufaa ikautengua, na hukumu iliandikwa na Sonia Sotomayor, ambaye leo ni jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Hoja yake ilikuwa kwamba masharti ya kuingia kazini ni suala la makubaliano kati ya waajiri na chama cha wachezaji, na sheria ya ushindani wa biashara haiingilii hapo.

Kisheria inaeleweka. Kiutu, bado inanikera. Chama kile kinawatetea waliokwisha kuingia, na kila kinda anayezuiwa mlangoni ni nafasi ya mkongwe iliyosalimika. Clarett alikaa misimu miwili bila kucheza, Denver Broncos wakamchukua raundi ya tatu mwaka 2005, wakamwacha kabla ligi haijaanza. Baadaye alifungwa jela. Hadi leo wapo wanaomtaja kama onyo kwa anayetamani kuondoka mapema, na mimi nawapinga. Clarett alikuwa na makosa yake, lakini hakuumizwa na kuondoka mapema. Aliachwa katikati, hana chuo na hana kazi, katika umri ambao misuli hainoleki kwa kusubiri.

Watetezi wa kanuni husema kumweka kijana wa miaka 18 mbele ya mwanamume wa miaka 30 mwenye kilo 140 ni hatari. Ni kweli, na siipuuzi. Ila hatari hiyo inapungua kwa kupima mwili wa mtu, si kwa kuhesabu kalenda yake.

Halafu kuna hesabu ya fedha, ambayo wazazi wengi hawaelezwi vizuri. Mwaka 2010 chaguo la kwanza, Sam Bradford, alisaini mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 78. Mwaka 2011 ligi na chama waliweka kiwango maalumu kwa wachezaji wapya, na chaguo la kwanza, Cam Newton, akapata dola milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo fedha nzito ziko kwenye mkataba wa pili, na huwezi kuujadili kabla ya kumaliza misimu mitatu. Christian McCaffrey aliondoka Stanford baada ya miaka mitatu, akachaguliwa wa nane mwaka 2017, na Aprili 2020 akasaini nyongeza ya dola milioni 16 kwa mwaka. Alikuwa na miaka 23. Mbeba mpira aliyekawia chuoni anaufikia mkataba huo akiwa na 26 au 27, na wenye timu huwaogopa wabeba mpira wa umri huo.

Kwa kwotabeki, yule anayepanga mashambulizi na kurusha pasi, mambo ni tofauti, kwa kuwa yeye hudumu zaidi. Matt Leinart wa USC alitarajiwa kuwa juu kabisa mwaka 2005, akabaki, na mwaka uliofuata akachaguliwa wa kumi. Andrew Luck naye alibaki Stanford mwaka 2011, akapata shahada ya usanifu majengo, akawa chaguo la kwanza 2012. Majeraha yalimstaafisha akiwa na miaka 29, na mwaka 2024 Stanford walimrudisha kuwa meneja mkuu wa timu yao.

Na sasa upepo umegeuka. Tangu Julai 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Quinn Ewers wa Texas aliingia drafti ya 2025, akasubiri hadi raundi ya saba, chaguo la 231. Kwa mchezaji aliyechaguliwa nyuma kiasi hicho, mwaka mmoja zaidi chuoni ungeweza kumlipa zaidi kuliko mkataba wake wote wa NFL. Kwa hiyo asiye na uhakika wa raundi mbili za mwanzo, leo namwambia abaki, na namwambia kwa moyo mweupe, maana hatimaye analipwa kwa jasho lake.

Shahada haikimbii. Emmitt Smith aliondoka Florida mwaka 1990 akiwa amemwahidi mama yake kwamba atamaliza. Alihitimu 1996, akiwa tayari na ubingwa wa Super Bowl mara tatu.

Wazazi wenzangu wa Kiswahili mlioko Marekani, vijana wenu wameanza kuonekana kwenye viwanja vya sekondari huko. Ikifika Januari yao, ombeni tathmini ya kamati ya NFL, ambayo hujibu raundi ya kwanza, raundi ya pili au baki chuoni. Ulizeni bima ya majeraha ni ya kiasi gani. Na kabla ya kusaini popote, daini barua ya chuo inayosema mwanenu atarudi kumaliza masomo kwa gharama za chuo.