Utangulizi: Ruzuku Inavyomfikia Mkulima wa Thika na Ruiru

Huenda unadhani kwamba ruzuku ni pesa ambazo serikali humtia mkulima mkononi. Si dhana ya ajabu: katika Umoja wa Ulaya wakulima wengi hulipwa hivyo, kwa kadiri ya hekta wanazolima. Lakini mwenye miparachichi Thika au mibuni Ruiru ni nadra kuona malipo ya namna hiyo. Ruzuku yake imefichwa ndani ya bei ya kitu kingine, nasi kazi yetu ni kuisaka humo. Kazi tamu kweli!

Tuanze na mfuko wa mbolea wa kilo 50. Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliushusha kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500. Mwaka uliofuata ukafika 2,500. Pengo kati ya bei ya soko na bei anayolipa mkulima ndilo huitwa ruzuku ya pembejeo, na pembejeo ni vitu anavyotia shambani ili avune: mbolea, mbegu, dawa. Pengo hilo hujazwa na mlipa kodi.

Utauliza: je, yeyote aweza kuununua mfuko huo wa bei nafuu? La. Mkulima husajiliwa kwanza, pamoja na shamba na mazao yake, kisha hutumiwa kwenye simu vocha ya kielektroniki, yaani kibali cha kununua kiasi fulani kwa bei nafuu. Bei nafuu nayo haitoshi. Mwaka 2024 ilibainika kuwa baadhi ya mbolea ya ruzuku haikufikia viwango, na pengo likawa limejazwa kwa ajili ya mbolea hafifu.

Sasa tupande ngazi. Wachumi huzungumzia uhamishaji: mbolea ya ruzuku kuchukua nafasi ya ile ambayo mkulima angeinunua hata hivyo. Hapo mkulima ameokoa pesa, ila mavuno hayajaongezeka. Muda nao huhesabiwa: kwa mahindi, utayaona matokeo ya mbolea msimu uo huo. Mparachichi uliopandikizwa husubiriwa miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa, kwa hiyo anayeupimia ruzuku kwa kalenda ya mahindi atapotoka. Naona mijadala yetu mingi imepotokea hapo.

Ipo pia ruzuku ya mkopo. Mkulima hupeleka matunda ya kahawa kiwandani, akangoja malipo kwa miezi. Kwa kanuni za mwaka 2020, serikali ilianzisha hazina ya shilingi bilioni 3 ya kumkopesha malipo ya awali kwa riba ya asilimia 3, kupitia New KPCU, shirika la serikali la kahawa. Ruzuku hapa ni tofauti kati ya riba hiyo na ile ya benki. Mwenye makadamia hakuwekewa hazina hiyo.

Aina ya mwisho ndiyo niipendayo zaidi, na wengi huisahau: utafiti. Leo Ruiru hukumbusha watu nyumba za kupanga kuliko kahawa, lakini kituo cha utafiti cha hapo ndicho kilichotoa, mwaka 1985, mbuni uitwao Ruiru 11, unaostahimili chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda, pamoja na kutu ya majani. Kila dawa ambayo mkulima hakulazimika kupuliza tangu hapo ni gharama aliyopunguziwa na umma, bila kusajiliwa wala kungoja vocha.