Antena Iliyofungwa Darini: Kwa Nini Picha Hukatika na Nini cha Kufanya

Baadhi ya wakazi wa Kibaha na Kisarawe hufunga antena ya runinga darini, yaani katika nafasi iliyopo kati ya dari na paa. Wanazo sababu za msingi: antena haionekani na wezi, haipigwi na mvua wala upepo, na haihitaji mlingoti. Hata hivyo, picha inapoanza kuganda, mtumiaji hujikuta akinunua kisimbuzi kipya, kisha busta, kisha antena nyingine, na tatizo likabaki palepale. Maelezo haya yanakusudia kukusaidia kutambua chanzo kabla ya kutoa fedha.

Matangazo ya dijitali hayana chenga

Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012. Kabla ya hapo, mawimbi yalipodhoofika, runinga ilionyesha chenga lakini mtazamaji aliendelea kuona na kusikia. Dijitali haifanyi hivyo. Maadamu mawimbi yanatosha, picha huwa safi. Yakishuka kidogo chini ya kiwango, picha hugawanyika vipande vipande, huganda au hutoweka kabisa. Kwa sababu hiyo, antena iliyo karibu na ukingo wa kiwango hicho inaweza kufanya kazi vizuri asubuhi na kushindwa jioni, ingawa hakuna kifaa kilichoharibika.

Paa lako ni la aina gani?

Hili ndilo swali la kwanza. Bati ni chuma, na chuma hurudisha mawimbi yalikotoka. Antena iliyofungwa chini ya paa la bati hupata tu mawimbi yanayopenya kupitia kuta za pembeni, madirisha na upenyo wa kenchi. Vigae vya udongo au vya saruji hupitisha mawimbi kwa kiasi kikubwa zaidi, japokuwa hudhoofika vinapolowa. Tahadhari: mapaa mengi yanayofanana na vigae ni bati lililonakshiwa au kupakwa kokoto, nayo huzuia mawimbi kama bati la kawaida. Karatasi ya fedha inayotandazwa chini ya paa kupunguza joto huzuia mawimbi vilevile.

Ikiwa paa lako ni la bati, ushauri wetu ni wa wazi: usiongeze vifaa darini. Hamishia antena nje, kwenye mlingoti au ukutani, upande unaoelekea mtambo wa kurushia matangazo.

Mahali ulipo

Dar es Salaam ipo mashariki mwa Kibaha, na kaskazini-mashariki mwa mji wa Kisarawe. Hata hivyo, usidhani kwamba mtambo upo katikati ya jiji. Muulize mtoa huduma wako mtambo unaohudumia eneo lako upo wapi, kisha tazama antena za majirani wanaopata picha nzuri: zimeelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama. Fuata mkao huohuo.

Kisarawe imepakana na vilima vya Pugu. Nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kutofautiana sana, moja ikiwa mgongoni mwa kilima na nyingine bondeni. Aliye bondeni huenda asifanikiwe na antena ya darini hata kama paa lake ni la vigae. Kwa upande wa Kibaha, umbali huongezeka kadiri unavyotoka Maili Moja kuelekea Mlandizi. Kwa anayetegemea mtambo ulio upande wa Dar es Salaam, mawimbi hufika yakiwa hafifu zaidi.

Soma vipimo vya kisimbuzi

Kisimbuzi, ambacho wengi hukiita king'amuzi, huonyesha vipimo viwili katika sehemu ya mipangilio: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Visome hivi:

1. Vyote viwili vipo sifuri: kagua waya, konekta na umeme wa busta, kama ipo.
2. Vyote viwili vipo chini: antena imezibwa, imeelekea kusiko au ipo mbali na mtambo.
3. Nguvu ipo juu lakini ubora upo chini: mawimbi yanagongana baada ya kurudishwa na bati au kuta, busta imezidisha, au kuna kifaa kinachoingilia.
4. Chaneli chache tu ndizo zinakosekana: kwanza tafuta chaneli upya, kisha mwulize jirani anayetumia huduma hiyohiyo.

Hatua za ukaguzi

Anza na lisilo na gharama. Chomeka upya konekta zote; waya mwembamba wa katikati usigusane na nyuzi za nje. Zima kwa muda taa za LED, chaja na pampu ya maji, kimoja baada ya kingine, ukiangalia kama ubora unapanda.

Kisha sogeza antena. Mawimbi ya runinga yana urefu wa takriban nusu mita, na yanapogongana darini, sehemu nzuri na mbaya zinaweza kuachana kwa sentimita 25 tu. Hivyo basi, isogeze kidogo kidogo, mtu mwingine akisoma vipimo sebuleni. Iweke mbali na nyaya za umeme, mabomba na tangi la maji.

Jaribio muhimu kuliko yote ni hili: toa antena nje, uiinue kwa mti mkavu, mbali kabisa na nyaya za umeme, kisha usome vipimo tena. Vikipanda sana, kisimbuzi chako ni kizima na kasoro ni dari. Visipopanda, kagua waya au mwelekeo.

Waya, splita na busta

Mita 20 za waya wa kawaida wa antena zinaweza kupoteza takriban nusu ya nguvu ya mawimbi. Splita ya runinga mbili hugawa nusu kwa kila moja. Fupisha waya na uondoe splita isiyotumika kabla ya kununua busta. Busta hukuza kila kinachoifikia, pamoja na kelele. Haiwezi kurejesha mawimbi yaliyozuiwa na bati. Ikihitajika, ifungwe karibu na antena, si nyuma ya runinga.

Usalama

Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kupanda darini. Kanyaga mbao za kenchi, kamwe usikanyage jipsamu. Epuka saa za mchana, kwani joto chini ya bati ni kali. Mlingoti wa nje uwe mbali na nyaya za TANESCO, na uunganishwe na waya wa kupeleka radi ardhini. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye ujuzi. Usiiguse antena ya nje wakati wa ngurumo za masika au vuli.

Tatizo lisipokuwa nyumbani kwako

Majirani wakikosa picha kwa wakati mmoja, chanzo huenda ni mtambo. Wasilisha malalamiko kwanza kwa mtoa huduma, uandike tarehe, saa, chaneli zilizokosekana na namba ya kumbukumbu uliyopewa. Usiporidhika na majibu, yafikishe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Aidha, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano lipo kwa ajili ya kutetea maslahi yako.

Unapomlipa fundi, mtake akuonyeshe vipimo kabla na baada ya kazi, na akupe risiti. Vipimo visipobadilika, tatizo halijatatuliwa, hata kama picha imeonekana kwa dakika chache.