UZI: Wachache wanawezaje kuunda serikali?

1/ Kila mjadala wa siasa ukipamba moto hapa, lazima mtu aandike: "Asiye na wabunge wengi hawezi kutawala." Hebu tuipige hiyo hesabu polepole. Sitataja chama wala mwanasiasa, kwa hivyo weka jezi yako kando kidogo.

2/ Mfano ni Uswidi. Bunge lao lina viti 349. Letu la Kitaifa pia ni 349 ukimtoa Spika: 290 wa maeneobunge, 47 wawakilishi wa kike wa kaunti na 12 wa kuteuliwa. Huku na kule, wengi ni 175.

3/ Septemba 2018 walipiga kura. Kambi moja ikapata viti 144, nyingine 143. Chama kilichokuwa nje ya kambi zote mbili kikapata 62. Hakuna aliyefika 175.

4/ Wakavutana zaidi ya miezi minne. Kura mbili za kumpata waziri mkuu zikagonga mwamba. Ya tatu, Januari 2019, ilikuwa hivi:
Ndiyo: 115
La: 153
Waliojizuia: 77
Na akapita! Ati wizi? Hapana.

5/ Katiba yao haiulizi "wangapi wanakutaka?" Inauliza "wangapi wanakukataa?" Wakifika 175, umeanguka. Wasipofika, umepita. Kwa hivyo aliyejizuia ni kama amekufungulia mlango. Ndivyo vyama viwili vyenye viti 116 kwa jumla vilivyounda serikali ya mseto.

6/ Lakini mlango huo unaweza kufungwa. Juni 2021, chama kimoja kati ya vile vilivyojizuia kilikasirishwa na mpango wa kuachia soko lipange kodi za nyumba mpya za kupanga. Kura ya kutokuwa na imani ikapita kwa 181. Mwezi uliofuata waziri mkuu yule yule akarudi bungeni: waliomkataa walikuwa 173. Wangeongezeka wawili tu, angekuwa nje.

7/ Sasa mbona hiyo haiingii kwetu moja kwa moja? Kwa sababu rais wetu hachaguliwi na wabunge. Anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau 25% katika kaunti 24. Akikosa wengi bungeni haanguki, ila miswada yake inaweza kukwama. Kumng'oa kunahitaji theluthi mbili ya Bunge la Kitaifa, kisha theluthi mbili ya Seneti.

8/ Na ile "nusu mkate" ya 2008? Hiyo ilizaliwa na upatanishi baada ya ghasia za uchaguzi. Usiichanganye na hesabu ya Uswidi.

9/ Kwa hivyo ukisikia "hawana namba," uliza kwanza: namba za kufanya nini? Kuunda serikali, kupitisha mswada, au kumwondoa mkubwa? Kila moja ina hesabu yake. Anayezichanganya, mwambie akuonyeshe kifungu cha Katiba.