Mega Knight: Ni Kadi Noma ama Ni Kelele za Mtandao Tu?

Kama unacheza Clash Royale, hii story unaijua. Uko kwa mat, umechapwa mechi tatu mfululizo, halafu inapita klipu ya msee ameangusha Mega Knight katikati ya mbogi ya adui na kila mtu amepondwa. Mkono unawasha. Unafika stage ushamwaga dhahabu yako yote ya gemu ukimpandisha levo. Kesho yake bado unachapwa.

Ukweli usemwe, Mega Knight si kadi mbaya. Tangu Supercell wamtoe 2017 amekuwa akitisha watu. Akitua anaumiza kila askari wa chini aliye karibu, na akiona mwingine mbele kidogo anamrukia. Shida ni kwamba klipu haikuonyeshi bei. Huyu jamaa ni eliksa 7, na wewe mfuko wako unabeba 10 pekee. Mwanzo wa mechi eliksa moja inachukua kama sekunde 2.8 kuingia, kwa hivyo ukimtupa umelipa karibu sekunde 20 za mapato yako kwa mtu mmoja.

Na wa kumzima wako wengi. Mega Knight hagusi kitu chochote kilicho hewani, so Bats wa eliksa 2 wanamdonoa kutoka juu na hana la kufanya. Kuna Inferno Dragon wa eliksa 4, yeye anamchoma polepole halafu ghafla hakuna mtu. Wewe umelipa 7, mwenzako 4. Hizo 3 alizookoa ndizo zinakuja kugonga mnara wako.

Lakini swali lenye watu wengi huruka ni hili: anaingia, nani anatoka? Deki (si ile ya kupiga sakafu) ina nafasi 8 tu. Chukua ile deki ya Hog ya 2.6, yenye Hog Rider, Musketeer, Cannon, Fireball, The Log, Ice Golem, Ice Spirit na Skeletons. Jumla ni eliksa 21. Toa Musketeer, weka Mega Knight. Wastani unapanda hadi 3.0, unaona ni kitu kidogo tu, sindio? Sasa adui analeta Balloon. Musketeer ndiye alikuwa mlinzi wako wa hewani. Umebaki na Ice Spirit na Fireball ukiomba Mungu.

Hata mbio imeisha. Hiyo deki inaishi kwa kurudisha Hog haraka, na kadi nne za bei rahisi kabisa humo zinagharimu eliksa 6 tu zote pamoja. Mega Knight akikaa mkononi na uko na eliksa 4, unacheza na kadi tatu. Hapo simwekei, hata akiwa amevuma aje.

Ukiwa na deki ya kungoja na kurudisha mashambulizi, hiyo ni hesabu tofauti. Unaacha adui avuke daraja na kikosi chake cha chini, unamwangushia Mega Knight kichwani, halafu huyo huyo anaendelea mbele na Bats wako nyuma yake. Hapo zile 7 zimelinda na zimeshambulia. Na uwe na Zap ama spel nyingine ndogo, juu Bats wa adui wanakuja tu.

Kitu kingine, angalia levo za kadi kwa hizo klipu. Mara nyingi Mega Knight wa mwenye video amezidi wale anaowaponda kwa mbali. Ingia challenge ambapo levo zinasawazishwa uone kama bado anatisha hivyo.

Mimi kabla nimwage dhahabu huwa nacheza friendly na mabeshte kama mechi 20, trofi hazipotei. Sihesabu ushindi sana. Nahesabu zile nimepoteza na hiyo kadi bado iko mkononi, ikingoja eliksa. Zikifika sita ama saba, narudisha Musketeer wangu na maisha yanaendelea.