Jazz ya leo kwa sikio lililozoea sebene

Mkaaji wa Uvira anayetaka kuingia katika jazz asianze na Miles Davis. Najua orodha nyingi zinamweka wa kwanza, na albamu yake Kind of Blue ya 1959 inastahili kila sifa iliyopewa. Ila orodha hizo zimeandikwa kwa masikio yaliyolelewa kwingine. Mtu aliyekua kati ya Kavimvira na Kalundu, rumba ikitoka nyumba ya upande huu, kwaya ikifanya mazoezi upande ule, na ngoma za Warundi zikiwa ng'ambo tu ya Ruzizi, amekwisha kufundishwa kazi ngumu ya kusikiliza. Alichokosa ni mtu wa kumwambia aanzie wapi.

Kazi hiyo ngumu ni sebene. Chukua wimbo wowote mrefu wa bendi ya OK Jazz. Waimbaji wanamaliza beti zao, kisha magita yanashika usukani. Besi inazunguka palepale, akompa, yaani gita la kusindikiza, inarudia kifungu chake kifupi, mi-solo inajaza katikati, na mpiga solo anapanda juu yao wote akibuni vifungu ambavyo kesho hatavipiga vilevile. Hakuna anayeuliza maneno yamekwenda wapi. Watu wanasikiliza vidole, na mpiga gita akifanya jambo lisilotarajiwa, mtu anapiga kelele ya furaha. Anayeweza kufuatilia dakika tano za namna hiyo anaweza kufuatilia jazz.

Kinachobadilika ni ardhi iliyo chini ya mpigaji. Katika sebene, sauti za akompa huzunguka haraka: tatu au nne, kisha tunarudi mwanzo. Katika jazz mzunguko ni mrefu zaidi. Bluzi ya kawaida ina mizani 12, na nyimbo nyingi za zamani za Marekani zina 32, ndipo mpigaji anarudi alipoanzia. Bendi hupiga kwanza melodia kuu, halafu kila mmoja kwa zamu yake anabuni juu ya mzunguko uleule, na mwishoni melodia inarudi. Dawa ya kutopotea ni moja: shika ile melodia ya mwanzo na uendelee kuiimba kimoyomoyo wakati saksofoni inatangatanga. Ukifanya hivyo utaanza kusikia kwamba haitangatangi hata kidogo, na kwamba kila inapokwenda inajua njia ya kurudi.

Wazee wetu waliijua jazz mapema. Joseph Kabasele alipounda bendi ya African Jazz mwaka 1953, na wenzake wa OK Jazz walipomfuata 1956, walipiga rumba, lakini sikio moja lilikuwa Marekani. Mwaka 1961 African Jazz ilimchukua Mkameruni Manu Dibango, kijana aliyejifunza saksofoni Ufaransa akiwa na mapenzi makubwa ya jazz. Mwaka mmoja kabla, mwishoni mwa Oktoba 1960, Louis Armstrong alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, na watu wakambeba juu ya kiti kama chifu.

Kwa hiyo mlango wa kwanza ninaoupendekeza uko karibu. Panda barabara ya Kamanyola, pita Ngomo, utafika Bukavu, mji aliozaliwa Lokua Kanza mwaka 1958. Familia yake ilihamia Kinshasa, akaimba kanisani, akasoma muziki, kisha akaenda Paris na kuingia shule ya jazz. Wengi wanamjua kwa nyimbo zake tulivu za albamu ya kwanza ya 1993. Mimi ningemwambia msikilizaji mpya atafute Toto Bona Lokua, albamu ya 2004 aliyoifanya na Mkameruni Richard Bona na Gérald Toto wa Ufaransa. Sehemu kubwa ya kuimba kwao haina lugha yoyote. Ni silabi walizobuni wakiwa studio, na kwa sababu hakuna maneno ya kukukamata, unalazimika kusikia jinsi sauti moja inavyoiachia nyingine nafasi. Hilo ni somo la kwanza la jazz, nalo linatolewa kwa upole kiasi kwamba hata mtoto atalipenda. Waliirudia kazi hiyo katika Bondeko ya 2018.

Hatua ya pili ni Ray Lema, aliyezaliwa Bas-Congo mwaka 1946. Alipelekwa seminari akiwa mtoto, akajifunza kinanda huko, akacheza Bach kabla ya kucheza rumba. Mwaka 1974 alikabidhiwa uongozi wa muziki wa Ballet ya Taifa ya Zaire, akazunguka nchi kutafuta wapigaji wa vijijini, na nadhani hapo ndipo alipopata kitu ambacho shule ya Ulaya isingempa. Albamu yake Headbug ya 2016 ni ya kundi la watu watano: piano, besi, dramu, saksofoni na tarumbeta. Mpiga besi ni Mkameruni, mpiga saksofoni ni Mkuba, na mkono wa kushoto wa Lema kwenye piano unafanya kazi ya akompa. Sikiliza mkono huo peke yake wimbo mzima. Mwaka huohuo alitoa Riddles, piano mbili tu, yeye na Mfaransa Laurent de Wilde. Hiyo ihifadhi kwa siku yenye utulivu.

Sasa tuje kwa mtu ninayemwona kuwa mwalimu bora kuliko wote kwa msikilizaji wetu, yaani Lionel Loueke wa Benin, aliyezaliwa 1973. Wapiga gita wa huku watamwelewa kabla hata ya kumsikia. Alipokuwa kijana Cotonou, nyuzi za gita zilikuwa ghali na ngumu kupatikana. Alizisafisha kwa siki ili zidumu, na zilipokatika alifunga nyaya za breki za baiskeli. Akasoma Abidjan, kisha Paris, kisha Marekani, na mwaka 2001 alikaa mbele ya majaji waliokuwamo magwiji Herbie Hancock na Wayne Shorter kuomba nafasi katika taasisi iliyobeba jina la Thelonious Monk. Wakamchukua. Miaka saba baadaye wote wawili walicheza kama wageni katika albamu yake Karibu.

Karibu, ya 2008, ni ya watu watatu: gita, besi na dramu. Loueke hugonga ulimi, huimba pamoja na nyuzi, na mara nyingine huingiza karatasi kati ya nyuzi hadi gita linalia kama likembe. Fanya hivi. Mara ya kwanza sikiliza gita tu. Mara ya pili fuata besi tu, na utagundua kwamba besi haimfuati Loueke: inamjibu, inamkatalia, mara inanyamaza ili ajione yuko peke yake. Mara ya tatu sikiliza dramu. Baada ya hapo weka Naima, wimbo wa John Coltrane ambao Loueke anaupiga humo na Shorter, na utakuwa umefika kwa wakubwa wa zamani bila mtu kukuburuta. Akikupendeza, endelea na Mwaliko ya 2010, wanamosikika Angélique Kidjo, Richard Bona na Esperanza Spalding.

Kuna wasikilizaji ambao gita haliwatoshi. Wanataka ngoma. Kwao nina Sons of Kemet, kundi la London la Shabaka Hutchings, na albamu yao Your Queen Is a Reptile ya 2018. Hakuna gita wala piano: kuna saksofoni, tuba na dramu mbili. Mtu aliyewahi kusimama karibu na fanfare ya kanisa anajua tuba inavyofanya kazi ya besi. Na aliyewatazama wapiga ngoma wa Burundi anajua mpangilio wenyewe: amashako zinashika mdundo usiokatika, inkiranya iko katikati ikiamuru, na ibishikizo zinaifuata kila inapogeuka. UNESCO iliuandika urithi huo mwaka 2014. Wanaume wa London hawakuiga ngoma hizo, lakini sikio lililozoea kutofautisha anayeshika na anayegeuza litawaelewa mara moja. Dramu moja inashika, nyingine inazungumza, tuba inasukuma kutoka chini, na Hutchings anapuliza vifungu vifupi vikali, akivirudia hadi vinakuwa kama wito. Kila wimbo umepewa jina la mwanamke Mweusi, akiwamo Harriet Tubman, Albertina Sisulu, na hata bibi mzaa bibi wa Hutchings mwenyewe. Anzia kwenye wimbo wa Harriet Tubman, sauti juu. Hutchings baadaye aliiweka saksofoni kando akashika filimbi, na Perceive Its Beauty, Acknowledge Its Grace ya 2024 ni ya kimya na ya polepole kiasi kwamba wengine hawaamini ni mtu yuleyule. Naipenda sana, lakini si ya kuanzia.

Lazima nirudi nyuma kidogo, kwa sababu jazz imewahi kututazama sisi kwa makini zaidi kuliko tulivyoitazama. Mwezi Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika jijini New York na bendi kubwa. Mshairi Langston Hughes alimwandikia maneno, na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akayasoma kwa Kiswahili. Serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku albamu hiyo mwaka 1964. Miezi michache baada ya rekodi ile, Februari 1961, habari za kuuawa kwa Patrice Lumumba zilipotangazwa, mwimbaji Abbey Lincoln alikuwa miongoni mwa waliovamia ukumbi wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kupinga. Filamu ya Johan Grimonprez ya 2024, Soundtrack to a Coup d'Etat, inasimulia miaka hiyo ikiziweka sauti za Armstrong, Lincoln na mpiga dramu Max Roach kandokando ya hotuba za wanasiasa. Kwa Mkongomani asiyejua jazz, filamu hiyo inaweza kuwa mlango bora kuliko albamu yoyote, na itamuumiza.

Kwa sauti ya mwanamke wa leo, mtafute Somi. Alizaliwa Marekani, mzazi mmoja Mnyarwanda na mwingine Mganda, na katika Petite Afrique ya 2017 anaimba maisha ya wahamiaji wa Afrika Magharibi wa mtaa wa 116 kule Harlem, madereva wa teksi na wenzao. Nani Uvira asiye na ndugu katika mji wa mbali, akiendesha gari la watu usiku? Sauti yake haipigi kelele. Inaingia nyuma ya dramu kidogo, kwa makusudi, na ucheleweshaji huo ndio uzuri wake. Katika Zenzile ya 2022 alimrudisha Miriam Makeba kwa namna ambayo hata waliokariri nyimbo za Makeba walizisikia upya.

Hailu Mergia wa Ethiopia naye alikuwa dereva. Aliendesha teksi Washington kwa miaka mingi, kinanda kikiwa kwenye buti akisubiri abiria wa uwanja wa ndege. Albamu yake Lala Belu ya 2018 ni furaha tupu.

Neno kuhusu mega za intaneti, maana najua bei yake. Muziki unaochezwa kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu mega moja kwa dakika. Albamu ya saa moja ni kama mega 60. The Epic ya mpiga saksofoni Kamasi Washington, ya 2015, inakaribia saa tatu, kwa hiyo ni mega 170 hivi, nayo ni nzuri lakini haifai kuwa ununuzi wa kwanza. Pakua mara moja na usikilize mara nyingi kuliko kuicheza moja kwa moja mtandaoni, kwani kila ukirudia unalipa tena. Na tafadhali usiisikilizie kwenye spika ya simu. Uzi wa chini kabisa wa besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti hiyo. Utasikia saksofoni ikielea hewani, ardhi imeondolewa, kisha utasema jazz ni kelele. Tumia vifaa vya masikioni, hata vya bei ndogo, au bafle ya jirani akikubali.

Nimebakiza wapiga kinanda wa kwaya, ambao mji wetu unao wengi na ambao mara chache wanaandikiwa chochote. Wao wamfuate Nduduzo Makhathini wa Afrika Kusini, aliyezaliwa 1982, mpiga piano ambaye pia ni mganga wa kimila na ambaye haoni mpaka kati ya kazi hizo mbili. Modes of Communication ya 2020 ilimfanya Mwafrika Kusini wa kwanza kusainiwa na kampuni ya rekodi ya Blue Note, lakini ina watu wengi na mambo mengi. Waanze na uNomkhubulwane ya 2024, watu watatu tu, ambamo kila kidole kinasikika. Mkono wa kushoto unagonga sauti nzito kama ya kengele na kuziacha zilie, huku wa kulia ukiomba juu yake. Makhathini mwenyewe humtaja Bheki Mseleku wa Durban kuwa mmoja wa waliomwongoza. Mseleku hakufundishwa piano darasani, na ajali ya utotoni ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Baada ya Makhathini, watafute Celebration, albamu ya Mseleku ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wasikilize vidole vilivyobaki vinafanya nini.