Mvuke wa Petroli

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, aliyeshika ufundi wa motokaa, alikuja kuniamkia. Aliponipa mkono, niliona viganja vyake vimekauka na kupasuka. Akanieleza kwamba kila siku huosha vyuma kwa petroli, na jioni hunawa kwa petroli hiyo hiyo.

Petroli huyeyusha grisi upesi. Lakini pia huyaondoa mafuta ya ngozi. Na ikikauka, haipotei, bali hugeuka mvuke usioonekana. Mvuke huo ndio adui mkubwa.

Kwanza, ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi, bali hutambaa sakafuni na kujaa mashimoni. Moto wa jiko lililo mbali waweza kuuwasha, na mwako ukamrudia fundi kabla hajakimbia.

Pili, huingia mwilini kwa pumzi. Mtu huumwa kichwa na kulegea kama mlevi. Akiwa shimoni aweza kuzimia na kufa. Tena, ndani ya petroli mna kitu kiitwacho benzini, kinachodhuru uboho wa mifupa, mahali damu inapofanyizwa. Mwaka 1897 Daktari Santesson wa Uswidi alieleza habari za wasichana wa kiwanda cha mipira ya baiskeli, waliougua ugonjwa wa kuishiwa damu kwa ajili ya benzini. Baadhi yao walikufa. Sasa yajulikana kwamba benzini huleta hata saratani ya damu. Madhara haya hayaji kwa siku moja: haba na haba hujaza kibaba.

Basi, vyuma vioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Visipotakata, kwa mafuta ya taa, nje penye upepo, mbali na moto. Mikono ipakwe mafuta ya kupikia kidogo, kisha ioshwe kwa sabuni. Matambara machafu yatiwe katika debe la bati lenye kifuniko. Wala mtu asivute petroli kwa mdomo. Aliyeimeza asitapishwe, isije ikaingia mapafuni. Apelekwe hospitali upesi.

Ninyi wazazi mliowapeleka vijana kujifunza ufundi, kijana arudipo jioni, shikeni mikono yake mwinuse. Ikinuka petroli, msinyamaze.