Tawi la mwembe hukatwa kuanzia chini

Kwa wafanyabiashara wengi wa mipakani, uani ndiko ghalani. Iwe Mutukula, Rusumo, Namanga au Busia, magunia ya maharage na mahindi hupangwa chini ya bati lililoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba, na juu yake umetanda mwembe au mparachichi uliopandwa kabla ya biashara yenyewe kuanza. Jua likiwaka wateja husifia kivuli. Mvua za masika zikikaribia, mwenye mzigo huanza kutazama juu.

Hapo huitwa kijana mwenye panga. Bei hupatanwa getini na mwenye nyumba huwahi gari kwenda ng'ambo. Kijana hupanda na kulikata tawi kutoka juu, palepale shinani. Kabla hajafika katikati, uzito wa majani hulivuta tawi chini, likavunjika na kuondoka na utepe mrefu wa gome la shina. Wakati mwingine hubembea kwa gome hilo na kumrudia aliyelikata, au kuisukuma ngazi yake. Bati, magunia na mguu wa mtu huingia kwenye hesabu ambayo haikuzungumzwa getini.

Mafundi wa miti hukata mara tatu. Mkato wa kwanza hutoka chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, na huishia robo au theluthi ya unene. Msumeno ukianza kubanwa, inatosha. Wa pili hutoka juu, sentimita chache mbele zaidi kuelekea nchani. Tawi huanguka, na gome likichanika hukomea kwenye ule mkato wa chini. Kinachobaki ni kipande kifupi na chepesi, nacho huondolewa kwa mkato wa tatu.

Huo wa tatu ndio wengi huukosea kwa kupenda usafi, wakasawazisha tawi na shina mpaka pakawa laini. Pale tawi linapoungana na shina pana uvimbe kama pete. Msumeno hupita nje kidogo ya pete hiyo. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani aliyepasua maelfu ya miti kuchunguza ndani yake, alionyesha kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu: huzungushia kidonda ukuta, kisha hukua juu yake. Pete ikikatwa, uozo hupata njia ya kuingia shinani, na baada ya miaka mwenye nyumba ana mti mzima wa kuhofia badala ya tawi moja. Kupaka kidonda rangi au lami hakusaidii. Fedha hiyo ni heri inunue kamba.

Kamba ina kazi, kwani tawi lililo juu ya bati haliachwi lidondoke. Hufungwa kamba iliyopitishwa kwenye panda imara juu yake, kisha ikazungushwa kwenye shina huku chini, na mshikaji huilegeza polepole akiwa amesimama pembeni. Haizungushi mkononi mwake hata mara moja. Tawi kubwa hupunguzwa vipande vipande kuanzia nchani.

Ngazi nayo ina hila yake. Ikiegemezwa kwenye tawi lilelile linalokatwa, sehemu inayobaki huinuka ghafla uzito unapoondoka, na ngazi ikakosa pa kuegemea. Msumeno wa injini haupandi ngazini kabisa. Aliye juu huvaa kofia ngumu na miwani, hasa penye ua wa minyaa, maana utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kupofusha.

Penye waya wa umeme, kazi si ya kijana wala ya mwenye nyumba. Laini za volti 11,000 na 33,000 zinazopita mitaani kwa kawaida hazina ganda, na tawi bichi hupitisha umeme. Tanesco, Kenya Power na mashirika ya nchi jirani yana mafundi wanaozima laini kwanza. Kungoja siku kadhaa kunaudhi, lakini hakuna bei ya kibarua inayofaa badala yake.

Kwa mwembe, wakati mzuri ni baada ya mavuno, siku isiyo na upepo, bila kuondoa zaidi ya robo ya majani kwa mara moja. Magunia huhamishwa kwanza, watoto wakapelekwa kwa jirani, na swali la nani atalipa bati likivunjika likajibiwa kabla mtu hajapanda. Safari ya ng'ambo iahirishwe siku hiyo. Na anayefikiria kupakia kuni zake avuke nazo aulize kwanza maofisa wa afya ya mimea mpakani, kwani wadudu wa miti husafiri ndani ya magogo.